Sururu Si Dawa ya Kila Bomba

Kitu kilichooza hakivalishwi koti. Hiyo ndiyo kauli utakayorushiwa ukithubutu kusema, mbele ya watu wanaojua mabomba, kwamba bomba bovu la chini ya ardhi laweza kutengenezwa bila kufukuliwa. Watacheka kwanza. Kisha mmoja wao atakuelekeza kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto: ndugu yangu, bomba likizeeka linachimbwa, linatolewa, linawekwa jipya, mengine yote ni viraka, na kiraka ni kula fedha ya umma mara mbili. Nimeisikia vikaoni kwa wahandisi wenye miwani na mtaroni kwa vibarua wenye ndala. Nimeisikia hata kwa dereva wa daladala aliyekwama nyuma ya katapila kwa muda wa kutosha kupika wali, na bado akalitetea katapila.

Naipinga kauli hiyo, na sitaipinga kwa kunong'ona. Kwa sehemu kubwa ya mabomba mapana ya majitaka yaliyolala chini ya mitaa yetu ya zamani, na kwa makalavati mengi yaliyofukiwa chini ya matuta marefu ya barabara na reli, kuchimba kungepaswa kuwa njia ya mwisho kufikiriwa. Sisi tumeifanya ya kwanza, na mara nyingi ya pekee.

Tukione kwanza kitu chenyewe, maana nusu ya ubishi huu ni wa watu wanaobishania wasichokiona. Nenda ufukweni kunakoundwa boti za faiba. Utamkuta fundi ametandika mikeka myeupe ya nyuzi za kioo juu ya umbo la boti. Laini, unaweza kuikunja kama shuka. Anachota resini, nzito kiasi cha asali nyepesi, anaichanganya na dawa ya kugandisha, anaipaka, anabonyeza kwa rola mpaka viputo vya hewa vitoke. Ukirudi baada ya chai, shuka limekuwa ubao. Ukiligonga linalia.

Sasa ondoa boti. Weka bomba la zege lenye kipenyo cha milimita 300, lililo mita tatu chini ya mtaa. Badala ya mkeka chukua soksi ndefu ya kitambaa cha poliesta au cha nyuzi za kioo, iliyoshonwa kwa kipimo cha bomba hilohilo na kulowekwa resini kabla ya kufika mtaani. Bomba likishasafishwa na kupigwa kamera, soksi inaingizwa kutoka chemba moja hadi nyingine, ama kwa kuvutwa, ama kwa kusukumwa na maji au hewa huku ikijigeuza ndani-nje kama mkono wa shati. Inajazwa mpaka ikabana ukuta wa bomba la zamani. Halafu inapikwa kwa maji ya moto, au kwa mvuke, au kwa msururu wa taa za mionzi ya urujuanimno unaovutwa polepole ndani yake. Ikiiva, una bomba jipya ndani ya bomba la zamani, na kutoka chemba hadi chemba halina kiungo hata kimoja. Midomo ya mabomba yatokayo kwenye nyumba hufunguliwa upya na kimashine kidogo kinachokata kutokea ndani, fundi akiwa juu ya barabara anatazama kioo. Kazi ya mita mia moja, ikiandaliwa vizuri, ni ya siku moja au mbili.

Wanaoiita teknolojia ya majaribio wajue umri wake. Mwingereza Eric Wood alivalisha kwa njia hiyo kipande cha mita 70 cha bomba la majitaka la Marsh Lane, Hackney, mashariki mwa London, mwaka 1971. Bomba lenyewe wakati huo lilikuwa na karne moja. Tanganyika ilikuwa inatimiza miaka kumi ya uhuru. Kwa hiyo mhandisi wa miaka 45 anayekuambia tusubiri tuone kama kitu hiki kitadumu, anakizungumzia kitu kilichomtangulia kuzaliwa.

Nirudi kwenye koti na kiraka. Mfano huo una mvuto kwa sababu una ukweli wa nusu. Fundi wa boti atakwambia kwamba ukipaka faiba juu ya mbao mbichi, itabanduka tu. Faiba inategemea kushika, na mbao iliyolowa haishikiki. Wapinzani wangu wanadhani soksi ya bomba nayo inaning'inia kwenye ukuta wa zege bovu, zege likimomonyoka nayo inakwenda. Sivyo inavyopigiwa hesabu. Kanuni ya viwango ya Marekani, ASTM F1216, ambayo imetumika kupima unene wa soksi hizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ina hali mbili. Ya kwanza ni ya bomba ambalo bado linabeba udongo uliolizunguka: hapo soksi inatakiwa kuhimili shinikizo la maji ya chini ya ardhi tu. Ya pili ni ya bomba lililokwisha kabisa: hapo mhandisi analihesabu bomba la zamani kama halipo, na soksi peke yake inabebeshwa udongo, maji na magari yanayopita juu. Unene unaongezeka ipasavyo. Zege bovu linabaki kuwa umbo tu, kama lile umbo la boti ambalo fundi akimaliza hulisukuma kando. Kiraka kinategemea nguo. Hiki hakitegemei.

Na hiyo miaka 50 inayotangazwa na wauzaji, nani aliihesabu? Swali zuri, na mimi nisingemwamini muuzaji. Vipimo vya plastiki inavyolegea polepole chini ya mzigo hufanywa kwa saa 10,000, yaani mwaka mmoja na karibu miezi miwili, kisha mstari unachorwa kuelekea mbele. Ndiyo maana katika hesabu za kawaida ugumu wa soksi hukatwa nusu tangu mwanzo. Mstari wa karatasini unaweza kudanganya. Lakini Shirika la Mazingira la Marekani, katika ripoti ya mwaka 2012, lilieleza lilivyokata vipande vya soksi zilizokuwa zikifanya kazi Denver na Columbus, baadhi zikiwa zimekaa na majitaka zaidi ya miaka 20, likavipima maabara. Vilikuwa vizima, na hakikuonekana kitu cha kuzuia umri uliotarajiwa kufikiwa. Ningependa kuona wale wanaodai bomba jipya la kuchimbia linadumu miaka 50 wakilifukua la kwao baada ya miaka 20 na kulipeleka maabara.

Sasa tufike mahali penye uzito, napo ni kwenye udongo.

Miaka michache iliyopita nilisimama kwenye mtaro katika mtaa mmoja wa katikati ya Dar es Salaam. Mkandarasi alikuwa anabadilisha bomba la majitaka la zege, la siku nyingi. Mtaa mzima ulikuwa umepasuliwa mbavu. Wenye maduka walikuwa wameweka mbao za kuvukia, na mama lishe aliyekuwa kona alikuwa amehama na wateja wake hawakujua ameenda wapi. Siku ya pili katapila lilikata bomba la maji safi. Siku ya nne, kebo. Yote hayo hayamo kwenye jedwali la gharama la mradi. Lakini kilichonishika si hayo. Lile bomba bovu lilipoinuliwa na kulazwa kando, nilichukua nyundo ya fundi nikaligonga. Likalia. Zege zima hulia, zege lililooza hutoa sauti ya mkate. Nikapita kipande baada ya kipande, na karibu vyote vililia. Kilichooza kilikuwa viungo: saruji ya kwenye makutano ilikuwa imetoka, na mizizi ya mti imepenya humo kama nywele. Tulikuwa tumepasua mtaa ili kutupa mabomba mazima kwa kosa la maungio yake.

Maungio ndiyo habari yenyewe. Bomba la zamani haliporomoki kwa kuchoka siku moja. Kiungo kinafunguka kidogo. Mvua kubwa inapandisha maji ya chini ya ardhi, maji yanaingia bombani kupitia ufa, na kila yanapoingia yanabeba punje za mchanga. Mchanga unasafirishwa na majitaka. Juu ya bomba panabaki tundu, tundu linapanda masika hata masika, na lami inabaki imelala juu ya hewa kama ukoko wa sufuria mpaka siku lori la mchanga litakapopita. Soksi isiyo na viungo inaufunga mlango huo kutoka mwanzo wa kipande hadi mwisho, bila kumgusa mlinzi mkuu wa bomba, ambaye ni udongo uliokwisha kujishindilia wenyewe kwa miaka hamsini au sitini.

Na sisi tunafanyaje? Tunamchimbua mlinzi huyo. Katika mtaa ule nilirudi wakati wa kufukia. Kifusi kilichorudishwa kilikuwa na mifuko ya plastiki na vipande vya lami. Mashine ya kushindilia ilipita mara moja, kwa haraka ya mtu anayewahi futari. Masika yaliyofuata kovu la lami lilikuwa limezama kina cha kiganja, refu kama mtaa wenyewe, na chini yake bomba jipya la plastiki lilikuwa limelala kwenye godoro lisilojulikana. Nikisema hivyo naambiwa huo ni uzembe wa mkandarasi, si kosa la uchimbaji. Nakubali ni uzembe. Lakini njia inayotaka kila mita moja ya mtaro ishindiliwe kwa uaminifu, tabaka kwa tabaka, na watu wanaolipwa kwa siku, huku msimamizi yuko kwenye kiti cha gari, ni njia inayouomba uzembe uje.

Hoja ya pili ya wapinzani ni ya ujazo: ukiweka bomba ndani ya bomba unalibana, na jiji linakua. Inasikika kama hesabu, basi tuipige. Soksi yenye unene wa milimita 6 ndani ya bomba la milimita 300 inaacha kipenyo cha milimita 288. Nafasi inapungua karibu asilimia 8. Lakini maji hayapimwi kwa nafasi tu, yanapimwa pia kwa ukwaru wa ukuta yanaouparamia. Kwa kanuni ya Manning, ukichukua zege la zamani kwa kipimo cha ukwaru cha 0.013, ambacho ni cha kulihurumia, na soksi laini kwa 0.011, bomba lililovalishwa likijaa linapitisha karibu asilimia 6 zaidi ya lilivyopitisha kabla. Tena hapo sijaondoa mizizi. Ikiwa jiji limekua kiasi kwamba bomba linahitaji kuwa mara mbili, hapo chimba, nitakuja kushika bendera ya kuzuia magari. Lakini usitumie ukuaji wa jiji kuchimba bomba ambalo utalirudisha kwa kipenyo kilekile. Nimeona hilo pia.

Hoja ya tatu ni ya zege lenyewe, na hapa natetea upande wangu kwa raha. Katika bomba ambalo majitaka yake yanakwenda polepole, hewa ya kuoza, ile inayonuka yai viza, hupanda na kukaa kwenye dari la bomba. Mwaka 1945 C. D. Parker, mtafiti wa Melbourne, alionesha kwamba bakteria wanaoishi kwenye dari hilo wanaigeuza hewa hiyo kuwa asidi ya salfa, na asidi inakula zege kuanzia juu kushuka. Joto linaharakisha kazi hiyo. Pwani yetu, kwa maneno mengine, ni jiko lake. Anayefukua bomba la zege lililoliwa dari na kuweka bomba jipya la zege anawaletea wadudu walewale sahani nyingine. Atanijibu kwamba siku hizi anaweka plastiki. Vizuri, basi tumekubaliana kwamba kinachotakiwa ni ukuta wa plastiki mahali pale, na tunagombania tu kama ni lazima tubomoe mtaa ili kuufikisha.

Makalavati sasa. Haya ndiyo yamesahaulika zaidi, kwa sababu hakuna anayeishi juu yake. Kwenye barabara kuu moja niliwahi kuteremka tutani nikaingia kwa magoti kwenye kalavati la bati la mawimbi, yale mabomba ya chuma ambayo wazee wa barabara huyaita Armco kwa jina la kampuni. Nilikuwa na tochi ya simu. Kuta na dari vilikuwa na kutu ya kawaida. Sakafu haikuwepo. Mahali maji na kokoto hupita kila mwaka bati lilikuwa limelika kabisa, likaacha kingo mbili zenye meno, na katikati udongo mtupu wenye mfereji wake. Maji kidogo yaliyokuwepo hayakuwa yanapita ndani ya kalavati. Yalikuwa yanapita chini yake. Nikiwa humo likapita lori, na punje za mchanga zikanidondokea shingoni kutoka kwenye maungio ya dari. Nikatoka kwa kasi nisiyoitaja.

Juu ya kalavati lile kuna tuta la mita kama sita. Kulichimba ni kuikata barabara kuu: njia ya mchepuko, matrekta, miezi. Kwa hiyo linasubiri. Linasubiri bajeti ya kubadilishwa, kwa sababu katika vitabu vyetu kalavati lina hali mbili tu, zuri na la kubadilishwa. Kumbe lile ni la kuvalishwa: sakafu ijengwe upya, matundu yaliyo nyuma ya bati yajazwe zege laini la kusukuma, kisha soksi nene ya nyuzi za kioo ipite, au hata bomba la plastiki ngumu liteleze ndani na nafasi iliyobaki ijazwe. Barabara haifungwi hata saa moja.

Lakini makalavati yanadai uangalifu, na hapa nawageukia wenzangu wanaouza soksi kwa kila kitu. Kalavati fupi mara nyingi halitawaliwi na ukwaru wa ukuta wake. Linatawaliwa na mdomo. Ukibana mdomo, ulaini wa ndani haukusaidii, maji yatapanda upande wa juu, na usipoutengeneza mdomo uwe na mabega mazuri umelipunguza kalavati. Ulaini nao unayafanya maji yatoke kwa kasi kubwa zaidi, yakachimba upande wa chini, kwa hiyo mawe ya kulinda mtokeo si pambo. Na kuna mambo ambayo soksi haina neno nayo. Mafuriko yaliyong'oa Reli ya Kati, kati ya Kilosa na Gulwe, mwishoni mwa 2009 yalikuwa ugomvi wa mto na njia yake. Hapo anayekuletea soksi anakuibia.

Vivyo hivyo kwa maji safi. Ripoti za Wasreb, mdhibiti wa huduma za maji Kenya, zimeonesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayaleti malipo. Wapo waliokwisha kudandia takwimu hiyo kuuza uvalishaji. Waongo. Sehemu kubwa ya upotevu huo iko kwenye mabomba membamba ya kuunganishia nyumba, mita mbovu na wizi. Hakuna atakayevalisha bomba la inchi moja. Na popote maji ya kunywa yanapohusika, resini iwe ya epoksi iliyopimwa na kuthibitishwa kwa maji ya kunywa, si hii ya kawaida ya majitaka.

Resini ya kawaida ndiyo inayonileta kwenye hoja ambayo wapinzani wangu hawaitumii, ingawa ndiyo pekee inayoninyima usingizi. Ile harufu kali ya karakana ya boti za faiba, inayokukaa kooni mpaka jioni, ni ya stairini. Resini ya poliesta imejaa hiyo. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliihamishia kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, wakiongozwa na Andrew Whelton, walichapisha mwaka 2017 kwamba ule moshi mweupe unaotoka chemba wakati soksi inapikwa kwa mvuke, ambao wakandarasi wa Marekani walikuwa wakiwaambia wakazi ni mvuke mtupu, umebeba kemikali za hewani na hata chembe za resini ambayo haijaiva. Jimbo la Virginia lilikuwa limeshaona mapema zaidi: watafiti wake wa barabara walikuta stairini kwenye maji yanayotoka kwenye makalavati yaliyovalishwa, kazi zikasimamishwa, yakaandikwa masharti mapya ya kukusanya maji ya kupikia na kusuuza bomba kabla ya kurudisha mkondo.

Nayataja haya mimi mwenyewe ili nisije nikaambiwa nimeyaficha, na kwa sababu naijua nchi yangu. Kazi hii ikija kwetu bila masharti, maji ya kupikia yatamwagwa mtoni saa nane usiku. Fundi ataingia chemba bila kifaa cha kupumulia, na mvuke utapanda kupitia choo cha mtu ambaye hakuambiwa amwage ndoo ya maji kwenye mtego wa choo chake. Kwa hiyo masharti yawe ndani ya mkataba, si kwenye semina: soksi za taa pale inapowezekana, resini isiyo na stairini karibu na mito na visima, maji ya kupikia yapelekwe kwenye mtambo wa majitaka, na wakazi watangaziwe siku mbili kabla. Yanatekelezeka. Mtaro wenye kina cha mita tatu nao una masharti yake ya usalama, ya kuegemezwa kuta usimfukie mtu, na kila mwaka tunasikia yalivyozingatiwa.

Naambiwa pia kwamba mashine ni ghali, resini inaharibika kwa joto letu, na mafundi hawapo. Resini inayogandishwa kwa joto kweli haipendi Dar ya Februari. Lori lake linataka ubaridi, na ukikwama kwenye foleni unaweza kufika na ubao badala ya soksi. Ile ya taa haina shida hiyo kwa kiwango hicho, ikifungwa gizani inakaa miezi. Mashine ni ghali kwa mamlaka moja. Kwa mamlaka tano za maji za Afrika Mashariki zikichangia seti moja na kikosi kimoja kinachozunguka, ni bei ya magari machache ya wakubwa. Mafundi? Kijana anayepaka faiba ufukweni ameshajua nusu ya kazi: anajua resini inavyogeuka joto, anajua kiputo kikibaki ndani kinafanya nini. Hatuna uhaba wa mikono.

Kinachotuzuia, nijuavyo mimi, kina sura nyingine. Mtaro unaonekana. Kiongozi anaweza kusimama ukingoni akiwa na kofia ya plastiki, akapigwa picha, akazindua. Soksi ikiingia chemba asubuhi na kuiva jioni, kesho yake hakuna cha kukata utepe. Na nyaraka za zabuni zimeandikwa kwa lugha ya mtaro: mita za ujazo za kuchimba, za kubeba, za kufukia, mita za mraba za lami ya kurudishia. Anayetaka kuvalisha hana hata mstari wa kujaza bei yake. Halafu tunasema soko halina wazabuni. Methali ya ufa na ukuta tunaifundisha watoto shule ya msingi, lakini bajeti zetu zina fungu la ukuta tu.

Na wakati tunabishana, saa inakwenda upande wa sururu. Hili ndilo ningependa liwaume wanaosubiri. Soksi inafuata umbo la bomba lililopo. Bomba likishalala ubavu au kuporomoka, hakuna tena umbo la kulifuata. Kule Fraser, jimbo la Michigan, mkesha wa Krismasi wa 2016, bomba kuu la majitaka lenye kipenyo cha zaidi ya mita tatu liliporomoka chini ya 15 Mile Road. Ardhi ikafunguka, nyumba zikaharibika, familia zikaondolewa. Bomba hilohilo lilikuwa limeshaporomoka sehemu nyingine mwaka 1978 na tena 2004. Kipande kile hakikuwa tena cha kuvalishwa. Ilibidi wachimbe na kujenga upya, na bili ikafika dola milioni 75 hivi. Kuchimba kwa namna hiyo si chaguo la mhandisi. Ni adhabu.

Kwa hiyo sidai sheria ya kupiga marufuku makatapila. Nadai kitu kidogo zaidi: kabla ya zabuni yoyote ya kubadilisha bomba la majitaka au kalavati kutangazwa, kamera ipite ndani kwanza, na mkanda wake uwekwe mezani pamoja na bei mbili, ya kuchimba na ya kuvalisha, ya kuchimba ikihesabu na lami, kebo zitakazokatwa na siku za biashara zitakazopotea. Bei ya kuchimba ikishinda hapo, nitanyamaza. Wewe msomaji, ukiona mtaa wako unapigwa rangi nyeupe ya kuonesha mtaro utapita wapi, nenda ofisini uombe kuuona mkanda. Kama hawana, umeshajua wamelipimaje bomba.

Lile kalavati la bati nilipiga picha, nikazipeleka panapohusika. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, la heshima: limeorodheshwa kwa kubadilishwa fedha zitakapopatikana. Nimepita pale mwezi uliopita. Sakafu bado haipo, meno ya bati yamezidi kurefuka, na malori bado yanapita juu.